Iskandar na farasi aliyeogopa kivuli chake

Jina la Iskandar si geni kwetu. Firdausi wa Uajemi alimwimba katika Shahnama yake, Nizami akamtungia kitabu kizima, na mji wa Iskanderia kule Misri umelibeba jina lake mpaka leo. Ila kila nimtajapo hapakosi mtu wa kuniuliza kama huyu ndiye Dhul-Qarnayni tumsomaye katika Suratul Kahf siku za Ijumaa. Swali hilo ni kongwe, na wanavyuoni wakubwa hawakuafikiana. Imamu Fakhruddin Razi, mfasiri wa Kurani aliyefariki mwaka 1210, alielekea kusema kuwa ndiye. Ibn Taymiyya na baada yake Ibn Kathir walikataa katakata, kwa hoja kwamba Dhul-Qarnayni alikuwa mja mwema aliyemuamini Mola mmoja, na huyu wa Makedonia alikuwa akiabudu masanamu, na mwalimu wake ni Aristotle. Mimi nawafuata hawa wa pili. Basi asihangaike mtu: nimzungumzaye leo ni Alexander mwana wa Philip, ambaye Waarabu walimwita Iskandar, na nitamwita hivyo kwa kuwa ndivyo tulivyomzoea.

Wala sitaki kuzungumza vita vyake, ambavyo vimeandikwa vya kutosha. Nataka nimzungumze alipokuwa kijana wa kubaleghe, na farasi wake, na wazazi wake. Sababu ni kwamba kuna kazi inayofanywa siku hizi katika nchi za Ulaya na Marekani ambayo wengi wetu tukiisikia tutacheka, nami naona si ya kuchekwa.

Kijana aliyewashinda wazazi, au aliyefukuzwa shule mbili tatu, au mwenye hasira asizojua zimetoka wapi, au yule aliyenyamaza tu asiseme na mtu, huchukuliwa akapelekwa penye mazizi ya farasi. Hapelekwi kufundishwa mashindano. Mara nyingi hata hapandishwi. Huonyeshwa farasi, akaambiwa amwendee, amvishe hatamu, amwongoze kutoka hapa mpaka pale. Kando husimama watu wawili, mmoja mjuzi wa maradhi ya nafsi na mwingine mjuzi wa farasi, wakitazama. Marekani, chama cha kuwapandisha farasi watu wenye ulemavu wa viungo kiliundwa mwaka 1969, na mwaka 1999 kikaundwa kingine kilichokusudia hasa wagonjwa wa nafsi. Watafiti bado hawajakubaliana dawa hii inatibu kwa kiasi gani, kwani majaribio mengi yamefanywa kwa watu wachache. Lakini jinsi inavyofanya kazi si siri. Farasi ameumbwa mnyama wa kuwindwa, na uhai wake umo katika kumsoma yule anayemjia: bega lilivyokaa, pumzi zinavyopanda, jicho linavyotazama. Kijana akimwendea na ngumi zilizokunjwa, farasi humpa mgongo. Akijituliza, farasi naye hutulia, pengine akamfuata mwenyewe bila ya kuvutwa. Mnyama huyu hajui kijana kaiba nini wala kafukuzwa wapi. Anamjua alivyo saa ile tu.

Sasa turudi nyuma miaka elfu mbili na mia tatu na zaidi.

Iskandar alizaliwa Pella, mji mkuu wa Makedonia, kaskazini ya Uyunani, mwaka 356 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Miaka yote ya uhai wake nitakayoitaja inahesabiwa hivyo, kwa hivyo msomaji asishangae kuiona inapungua badala ya kuongezeka. Babake, Mfalme Philip, alikuwa mtu wa vita tangu ujana. Jicho lake moja lilipotea kwa mshale alipouzingira mji wa Methone, mtoto akingali mchanga. Mamake, Olympias, alikuwa binti wa wafalme wa Epirus, mwanamke mkali wa tabia na mwenye kuipenda dini ya mizimu na majoka. Philip alioa wake saba kwa jumla. Msiudhani uke wenza huo kuwa na masharti ya uadilifu kama tuyajuavyo sisi. Kwake yeye ndoa ilikuwa mkia wa vita, kila nchi aliyopatana nayo au kuishinda akatwaa mke. Mtoto akakulia baina ya baba asiyekaa nyumbani na mama aliyemjaza chuki juu ya baba huyo.

Mlezi wake wa kwanza alikuwa Leonidas, jamaa wa mamake, mtu wa nidhamu kavu. Alikuwa akifungua masanduku ya mtoto na kupekua matandiko yake, asije mama akawa amemfichia kitu kitamu au cha anasa. Chakula alimpimia, na asubuhi akamwendesha mwendo mrefu ili apate hamu ya kula. Mlezi wa pili, Lysimachus, alikuwa kinyume chake: yeye alimsifu tu, akimfananisha na Achilles, shujaa wa mashairi ya Homer. Ukimlea mtoto kwa mikono miwili namna hii, mmoja unanyima na mwingine unapaka mafuta, usitaraji atulie. Inasimuliwa kwamba kila habari ya ushindi wa Philip ilipofika Pella, watu walifurahi na yeye akanuna, akiwalalamikia wenzake kwamba baba atamaliza kila kitu na hatamwachia yeye jambo kubwa la kufanya. Kijana wa miaka kumi na kitu anayehuzunika kwa heri ya babake ana donda mahali.

Basi siku moja, Iskandar akiwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, alikuja Philonicus, mfanyabiashara kutoka Thessaly, nchi iliyosifika kwa farasi, na dume moja la farasi akitaka talanta kumi na tatu. Talanta ya Athens ilikuwa na uzito wa kilo ishirini na sita hivi za fedha, kwa hivyo bei yenyewe ilikuwa zaidi ya kilo mia tatu za fedha. Farasi huyo alikuwa mweusi, na jina lake Bucephalus, maana yake Kichwa cha Ng'ombe. Wengine wanasema ni kwa sababu ya alama nyeupe iliyokuwa kwenye paji lake, na wengine kwa sababu ya chapa aliyopigwa. Habari hii ameiandika Plutarch, Myunani aliyeishi zaidi ya miaka mia nne baadaye, na yeye ndiye ninayemtegemea zaidi hapa. Kuna aliyesema kwamba farasi alikuwa zawadi ya bwana mmoja wa Corinth aitwaye Demaratus. Huyo Demaratus mkumbukeni, tutakutana naye tena.

Philip na watu wake wakateremka uwandani kumjaribu. Farasi akawa hashikiki. Kila asogeaye alimwinukia kwa miguu ya nyuma, hasikii sauti ya yeyote, hakubali mtu mgongoni. Masaisi wakamvuta huku, wakamvuta huku. Philip akakasirika kwa kuletewa mnyama wa mwituni kwa bei ya farasi mia, akaamuru arudishwe. Hapo kijana, aliyekuwa amesimama pembeni, akasema kwamba wanapoteza farasi wa namna hii kwa kutojua na kwa kukosa moyo wa kumstahimilia. Babake akajifanya hakusikia. Akarudia tena, na tena, kwa uchungu. Philip ndipo akamuuliza kama anawatia makosa watu wazima kwa kuwa anajua zaidi yao. Kijana akajibu kwamba huyu farasi atamuweza, na asipomuweza atailipa bei yake. Watu wakacheka, nao baba na mwana wakawekeana sharti.

Nataka msomaji atue hapa, kwa kuwa hapa ndipo penye maana. Hao wote waliokuwa uwandani walimtazama farasi wakaona ukaidi. Kijana alimtazama akaona woga. Aliona kwamba kila farasi akirukaruka, kivuli chake nacho kiliruka mbele yake juu ya mchanga, naye akakikimbia, na kila alivyokikimbia ndivyo kilivyomzidi. Basi akamwendea, akashika vigwe, akamgeuza uso kulielekea jua. Kivuli kikaenda nyuma. Akatembea naye kidogo hivyo, kando yake, akimpapasa, mpaka alipoona pumzi zake zimepungua. Kisha akalidondosha joho lake polepole, asimshtue, akaruka akakaa mgongoni. Hakumvuta lijamu kwa nguvu, hakumpiga. Alimzuia kidogo kwa vigwe, na alipoona vitisho vimemtoka na sasa anataka kukimbia, akamwachilia shoti, akimhimiza kwa sauti na kwa mguu.

Philip na wenziwe walikuwa kimya, roho juu. Kijana akafika mwisho wa uwanja, akageuza, akarudi. Watu wakapiga kelele za furaha. Babake akalia, na kijana aliposhuka akambusu kichwa, akamwambia atafute ufalme unaomtosha, kwani Makedonia ni ndogo kwake.

Wasimuliaji wengi huishia hapo, kwa busu na sifa. Mimi naona habari yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Plutarch anaendelea kwamba Philip, baada ya kuyaona hayo, alitambua jambo juu ya mwanawe: kwamba ukimlazimisha hashurutishiki, lakini ukimweleza kwa hoja huongozeka kwa wepesi. Tangu hapo akajaribu kumshawishi badala ya kumuamuru. Angalieni mfalme huyu mwenye jicho moja, aliyezoea kupiga miji na kuuza watu wake utumwani, alivyosimama uwandani akamtazama mtoto akimgeuza farasi, kisha akajiuliza kama yeye mwenyewe hakuwa akimvuta mtoto huku na huku kama masaisi walivyomvuta yule farasi. Wazazi wangapi huyaona hayo? Sisi mtoto akiharibika tunatafuta bakora, na bakora ikishindwa tunamtafutia pahali pa kumpeleka mbali na macho ya watu. Vijana wetu wa Pwani walioingia katika unga tumewaita majina ya kila aina, na jina la mwenye kuogopa halimo.

Wala haya hayakuwa mageni kwa wajuzi wa farasi wa zama zile. Xenophon wa Athens, aliyekuwa mpiganaji na mwandishi, aliandika kitabu cha ufugaji na upandaji farasi kabla ya Iskandar kufika umri huo. Anausia kwamba mtu asimwendee farasi akiwa na hasira, na kwamba farasi akikiogopa kitu, asogezwe nacho kwa upole mpaka aone hakina madhara, kwani ukimpiga ataona kuwa kile kitu na maumivu ni jambo moja. Nimesoma maelezo ya wanaofanya kazi hii leo na vijana, nikaona hawakuongeza mengi juu ya Xenophon ila kwamba wao wanamtazama pia yule aliyeshika kamba.

Nasi Waislamu tuna jadi yetu juu ya mnyama huyu. Mwenyezi Mungu ameapa kwa farasi wa vita katika Suratul Adiyat, na Mtume (S.A.W.) amewasifu farasi na kuhimiza wafanyiwe wema. Pwani yetu haikupata kuwa na farasi wengi, maana ndorobo na maradhi ya farasi huwamaliza, lakini tunao punda. Aliyewaona vijana wa Lamu wakishindana na punda wakati wa Maulidi ataelewa ninachosema. Punda hataki kupigiwa kelele. Mtoto mwenye papara hafiki naye hata ncha ya barabara, na yule mtulivu huenda naye telki mpaka mwisho.

Matokeo ya siku ile ya uwandani ni kwamba Philip alimtuma mtu kumwita Aristotle, akaja mwaka 343. Ujira wake haukuwa wa pesa tu. Philip alikuwa ameuvunja mji wa Stagira alikozaliwa mwanafalsafa huyo, na sasa akaujenga upya na kuwarudisha watu wake. Wanafunzi wakawekwa Mieza, mahali pa chemchemi na miti mbali na Pella, mbali na baba na mama. Iskandar alikaa huko na vijana wenziwe miaka mitatu hivi. Alisomeshwa mashairi na hekima, akapenda na utabibu, hata alipokuwa mkubwa alikuwa akiwaandikia wagonjwa miongoni mwa rafiki zake dawa na vyakula vya kujiepusha navyo. Nakala ya Iliad aliyopewa na mwalimu wake alilala nayo chini ya mto, pamoja na jambia. Naam, na jambia. Hiyo miaka mitatu naihesabu kuwa mizuri kuliko yote aliyoishi. Alikuwa na farasi, alikuwa na mwalimu asiyempekua sanduku, alikuwa na wenziwe wa rika lake, na babake alikuwa akiuliza habari zake.

Mwaka 340, akiwa na miaka kumi na sita, Philip alimwachia muhuri wa ufalme akaenda vitani. Mwaka 338 wakapigana bega kwa bega huko Chaeronea, wakaishinda Athens na Thebes. Lau taarikhi ingesimama hapo ingekuwa kisa cha kuwasomea wazazi.

Lakini mwaka uliofuatia Philip akaoa tena, safari hii msichana wa Kimakedonia wa ukoo mkubwa, mpwa wa jemadari Attalus. Katika karamu ya harusi, mvinyo umekwisha panda vichwani, Attalus akawaombea maarusi wazae mrithi wa halali wa ufalme. Iskandar akauliza kama yeye ni mwanaharamu, akamtupia kikombe usoni. Philip, badala ya kumkemea mgeni wake, akachomoa upanga akamwendea mwanawe. Alikuwa amelewa na mguu wake ulikuwa na jeraha, akajikwaa akaanguka sakafuni. Iskandar akamdhihaki mbele ya watu kwamba huyu ndiye atakaye kuvuka kwenda Asia, na kutoka kiti hadi kiti hawezi. Usiku ule ule akamchukua mamake, akampeleka kwao Epirus, na yeye akaenda kukaa kwa maadui wa babake, Waillyria.

Wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliyewapatanisha ni yule Demaratus wa Corinth. Alikuja kwa Philip, na Philip alipomuuliza kama Wayunani wanapatana, Demaratus alimshangaa kwa kuulizia amani ya Uyunani ilhali nyumba yake mwenyewe ameijaza fitina. Philip akaona haya, akamtuma amrudishe kijana. Kijana akarudi, ila hawakuaminiana tena. Haukupita muda Philip akawafukuza nchini marafiki kadhaa wa mwanawe, wakiwamo Ptolemy, aliyekuja kuwa mfalme wa Misri, na Nearchus, aliyekuja kuwa amiri wa majahazi. Mwaka 336, katika arusi ya bintiye, Philip akachomwa kisu na mlinzi wake, akafa. Iskandar akawa mfalme, miaka ishirini.

Vita vyake nitavipita haraka kama nilivyoahidi. Alivuka kwenda Asia mwaka 334. Akawashinda Waajemi mtoni Granicus, kisha Issus, akaingia Misri akaasisi Iskanderia mwaka 331, na mwaka huo huo akaivunja nguvu ya mfalme Darius, au Dara kama wasemavyo Waajemi, katika uwanja wa Gaugamela. Katika safari zote hizo Bucephalus alikuwapo. Inasimuliwa kwamba saisi aliweza kumpanda akiwa mtupu, lakini akishavishwa mapambo ya kifalme hakubali mgongoni ila mtu mmoja. Alipozeeka, Iskandar alikuwa akipanda farasi mwingine wakati wa kuyapanga majeshi na kuyakagua, na pale tu shambulio linapoanza huletewa mwenyewe.

Mwaka 330, karibu na bahari ya Kaspi, wenyeji waitwao Mardi waliwateka masaisi na Bucephalus pamoja nao. Iskandar alipopata habari alipeleka tishio kwamba asiporudishiwa farasi wake atawaua wote, wake zao na watoto wao. Wakamleta, na wakaitia miji yao mikononi mwake. Naye akawatendea wema wote, na waliomteka farasi akawalipa fidia. Ni ajabu ya mtu: kwa ajili ya farasi mmoja alikuwa tayari kuangamiza kabila, na farasi alipoguswa shingo na mkono wake tena, akawalipa wezi.

Kwani kufikia hapo mambo yake yalikuwa yamekwisha geuka. Mwaka huo huo alimuua Philotas, mwenziwe wa ujanani, kwa shutuma za njama, akatuma watu wamuue na baba mtu, mzee Parmenion, jemadari aliyemtumikia Philip. Mwaka 328, katika mji wa Maracanda, ambao ni Samarkand ya leo, akafanya lililo baya zaidi. Palikuwa na karamu na mvinyo. Cleitus, aliyemwokoa roho yake mtoni Granicus kwa kuukata mkono ulioinuliwa kumpiga, naye ni ndugu wa mlezi aliyemnyonyesha, alikereka kwa kusikia Philip akidharauliwa ili mwana asifiwe. Akasema kwamba ushindi huu ni wa damu ya Wamakedonia na wa Philip. Watu wakamtoa nje, akarudi kwa mlango mwingine akiendelea. Iskandar akanyakua mkuki wa mlinzi akamchoma nao. Kisha akataka kujiua kwa mkuki ule ule, wakamzuia, akajifungia hemani siku kadhaa akilia, hali wala hanywi.

Nikikisoma kisa hiki naiona ile karamu ya Attalus imerudi, ila waliokaa wamebadilishana viti. Safari hii aliyeshika silaha ndiye mwana, na aliyesema neno la kuchoma ni mzee, na jina la Philip lingali katikati yao. Yule mtoto aliyejua kwamba farasi anakimbia kivuli chake mwenyewe hakupata wa kumgeuza yeye kulielekea jua. Baba amekufa. Aristotle yuko Athens, mbali. Waliomzunguka kambini walijifunza kutokana na Cleitus kwamba ni salama zaidi kumsifu, na asubuhi mmoja wao, Anaxarchus, akaja kumfariji kwa kumwambia kuwa alitendalo mfalme ndiyo haki. Lysimachus na mafuta yake amerudi kwa jina jingine.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaoizungumza dawa hii ya farasi kana kwamba mnyama peke yake hutibu. Bucephalus aliishi na Iskandar karibu miaka ishirini na hakumzuia kuua. Walioandaa kazi hii vizuri hawamwachi kijana na farasi watupu. Wanasimama pale, na yakitokea baina ya kijana na farasi yaliyotokea, wanakaa naye kuyazungumza, na wenye busara humwita na mzazi naye aje uwanjani.

Bucephalus alikufa mwaka 326, Bara Hindi, kwenye ukingo wa mto Hydaspes, ambao sasa ni mto Jhelum wa Pakistani, katika vita na mfalme Porus. Baadhi wanasema ni majeraha, lakini Arrian, mwandishi anayeaminiwa sana katika habari za vita hivi, anasema ni uzee na uchovu, kwani alikuwa na miaka kama thelathini. Kwa hesabu hiyo farasi na bwana wake walikuwa rika moja, na siku ile ya uwandani alikuwa kijana juu ya mwenziwe. Iskandar alimlilia kama anayemlilia rafiki, akajenga mji ukingoni hapo, akauita Bucephala.

Miezi michache baadaye majeshi yalikataa kwenda mbele, akalazimika kurudi. Katika kurudi alipita jangwa la Gedrosia, watu wengi wakafa kwa kiu. Mwaka 324 akafa Hephaestion, rafiki yake mpenzi tangu ujanani, naye Iskandar kwa huzuni akaamuru farasi na nyumbu wote wakatwe singa, na tabibu wa marehemu akasulubiwa. Mwaka 323, mwezi wa Juni, katika mji wa Babil nchini Iraki, akashikwa na homa siku kumi hivi, akafa kabla ya kutimiza miaka thelathini na mitatu.

Alimwacha mkewe Roxana na mimba. Mtoto akazaliwa mwanamume, akaitwa Alexander kama babake, na majemadari wakampa cheo cha mfalme huku wakigawana nchi. Bibi yake Olympias aliuawa mwaka 316. Cassander, aliyemuua, akamchukua mtoto na mamake akawafungia ngomeni Amphipolis. Akamwondolea wale watoto wenziwe waliowekwa kukua naye kwa desturi ya wana wa wafalme, akaamuru asitendewe ila kama mtoto wa mtu yeyote. Akakaa hivyo miaka, mpaka mwaka 310 hivi, Cassander alipowaua yeye na mamake kwa siri.

Mwaka 1978, kule Vergina, Uyunani, mtaalamu wa mambo ya kale Manolis Andronikos alifungua kaburi la kifalme akakuta chungu cha fedha chenye mifupa iliyochomwa ya kijana. Wataalamu wengi wanaamini ni yeye. Umri wake, walivyoupima, ni miaka kumi na mitatu au kumi na minne, na ukutani mwa kaburi hilo imechorwa picha ya mashindano ya magari ya farasi.